Umesasisha, Lakini Tundu Bado Liko Wazi: Mwongozo Kamili wa Kuziba Kasoro ya Kukimbizana Kwenye Kerneli ya Linux

Ujumbe unaonifikia ni uleule, anayebadilika ni mwandishi tu: "Kaka, nimesasisha seva jana usiku, mbona nikikagua bado naambiwa kerneli ina tundu?" Nimekaa na mafundi wenzangu Posta, Sinza na Mbagala, tukafungua mashine zao pamoja. Kerneli ni kiini cha mfumo, ndiyo inayosimamia vifaa na programu zote za mashine. Karibu kila mara tumekuta jambo moja: kerneli mpya ipo kwenye diski imelala, na ile ya zamani ndiyo inayoendesha mashine.

Mwongozo huu unakupeleka mpaka mwisho wa kazi. Nimechukua kasoro CVE-2016-5195 (CVE ni namba ya utambulisho wa kasoro ya usalama iliyotangazwa), maarufu kwa jina la Dirty COW, iwe mfano. Namba za matoleo yake ziko wazi, na seva zenye tundu hilo bado nakutana nazo, hasa zile zilizowekwa stoo nyuma ya duka zikasahauliwa. Hatua zenyewe zinafaa kwa kasoro nyingine yoyote ya kerneli.

## Andaa hivi kwanza

- Akaunti yenye ruhusa ya `sudo`, yaani kutoa amri kama msimamizi mkuu, na nywila yake uijue sasa hivi, usianze kuitafuta katikati ya kazi.
- Njia ya pili ya kuifikia mashine. Kama ni seva ya ofisini, skrini na kibodi viwe karibu. Kama ni ya kukodi, hakikisha unaweza kuingia kwenye konsoli kupitia paneli ya mtoa huduma. SSH, yaani kuingia kwa mbali kupitia mtandao, peke yake haitoshi, maana mashine isipowaka SSH nayo haipo.
- UPS yenye betri nzima. Umeme ukikatika wakati faili za kuwashia zinaandikwa, unaweza kubaki na mashine isiyoamka.
- Programu ya `tmux` au `screen`. Bando likiisha au mtandao wa simu ukiyumba, kazi iendelee bila wewe.
- Flashi au diski ya nje kwa ajili ya bakapu.
- Saa moja ambayo hakuna anayeitegemea seva.

## Unaziba nini hasa?

Ukielewa sehemu hii hutaogopa hatua zinazofuata, kwa hiyo nipe dakika mbili.

Fikiria stesheni ya kutoa kopi pale Mwenge. Daftari la asili liko kaunta na kila mteja anaruhusiwa kulisoma tu. Mteja akitaka kuandika, karani anamtolea kopi ya ukurasa anaoutaka, na maandishi yake yote yanaingia kwenye kopi. Kerneli inafanya vivyo hivyo. Programu ikifungua faili ya kusoma tu ndani ya kumbukumbu yake binafsi, kisha ikataka kuandika, kerneli inaitengenezea kopi ya ukurasa ule na kuliacha faili la asili salama.

Sasa mwangalie karani kwa karibu. Mteja ameomba kuandika. Karani ametoa kopi, ameiweka mezani, halafu kwenye kikaratasi chake cha kazi amefuta neno "kuandika", maana kwake suala hilo limekwisha: kopi si ipo? Kabla hajarudi na kalamu, mwenzake yule mteja anapita, anaichukua kopi na kuitupa. Karani anarudi, anasoma kikaratasi. Hakina tena neno "kuandika", kinasema tu "tafuta ukurasa". Kopi haioni. Anavuta daftari la asili, na kalamu tayari iko mkononi. Anaandika humo humo.

Ndivyo Dirty COW inavyofanya kazi. Nyuzi mbili za programu moja zinakimbizana: mmoja unaandika kupitia `/proc/self/mem`, mwingine unaiambia kerneli kwa `madvise` kwamba kopi haihitajiki tena. Zikirudia mara nyingi, ipo siku zitakutana kwenye upenyo ule mwembamba, na mtumiaji wa kawaida ataandika ndani ya faili ambalo ni `root` (msimamizi mkuu wa mashine) tu anayeruhusiwa kulibadilisha. Akibadilisha `/etc/passwd`, mashine ni yake.

Kiraka cha Oktoba 2016 kilimkataza karani kufuta neno. Badala yake anaongeza alama kwamba kopi imeshatolewa, na kabla ya kuandika anahakiki kwamba alichoshika ni kopi kweli.

Shika jambo moja hapa: mshambuliaji lazima awe ameshaingia ndani, japo kwa akaunti dhaifu kabisa. Usijifariji kwa hilo. Plagini moja mbovu ya tovuti inatosha kumpa mguu wa kwanza.

## Hatua ya 1: Hakikisha kerneli ni yako

```
systemd-detect-virt
```

Ukijibiwa `none`, `kvm` au `vmware`, una kerneli yako mwenyewe. Endelea.

Ukijibiwa `openvz` au `lxc`, simama hapo. Uko ndani ya kontena, na kontena linatumia kerneli ya mashine mwenyeji. Hata usakinishe kerneli kumi, hakuna itakayotumika. Kuna ndugu mmoja alihangaika wiki nzima na seva ya bei rahisi ya aina hii. Amri zake zote zilikuwa sahihi, alichokosea ni mashine. Kazi yako hapo ni kumwandikia mtoa huduma, kumtajia namba ya CVE na toleo unaloliona, na kumuuliza lini atawasha mwenyeji upya. Akikuzungusha, hamisha mzigo wako.

Umefaulu ukiwa na jibu moja la wazi: kerneli ninaiweka mimi, au anaiweka mwingine.

## Hatua ya 2: Soma kerneli inayofanya kazi sasa

Wengi wanapotelea hapa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

```
cat /etc/os-release
uname -r
uname -v
```

Ya kwanza inataja mfumo wako. Ya pili na ya tatu zinazungumzia kerneli inayoendesha mashine dakika hii, siyo iliyoko kwenye diski. Andika majibu yote matatu kwenye daftari, na tarehe.

Kosa linalojirudia ni kulinganisha namba kama vile ni bei sokoni. Kerneli za asili, zinazotoka kwa watengenezaji wa Linux wenyewe, zilipata kiraka cha Dirty COW kwenye matoleo 4.8.3, 4.7.9 na 4.4.26. Fundi anaona seva yake ya Ubuntu 16.04 ina `4.4.0`, anasema 4.4.0 ni ndogo kuliko 4.4.26, basi tuna tundu. Si lazima iwe hivyo. Ubuntu, Debian na Red Hat hawarukii toleo jipya kila linapotoka. Wanachukua kiraka, wanakishonea kwenye toleo lao la zamani, na wanabadilisha namba za mwisho tu.

Kwa Dirty COW, mahali salama panaanzia hapa:

- Ubuntu 16.04: `4.4.0-45.66`
- Ubuntu 14.04: `3.13.0-100.147`
- Debian 8: `3.16.36-1+deb8u2`
- CentOS 7 na Red Hat 7: `3.10.0-327.36.3.el7`
- CentOS 6 na Red Hat 6: `2.6.32-642.6.2.el6`

Angalia hiyo ya Ubuntu. `uname -r` itakuonyesha `4.4.0-45-generic` tu. Ile 66 ya mwisho iko kwenye `uname -v`, mwanzoni, imeandikwa `#66-Ubuntu`. Unganisha hizo mbili ndipo upate namba kamili.

Debian 8 ndiyo iliyowachanganya watu zaidi. `uname -r` yake inasema `3.16.0-4-amd64` kabla ya kiraka, na baada ya kiraka inasema `3.16.0-4-amd64` vilevile. Ukitazama hiyo peke yake utaapa kwamba hakuna kilichobadilika. Toleo halisi linasomwa kwenye `uname -v`, baada ya neno Debian.

Ukikuta mifumo hii ya zamani, ujue pia kwamba muda wake wa kawaida wa matunzo umekwisha: Ubuntu 16.04 tangu Aprili 2021, CentOS 7 tangu tarehe 30 Juni 2024. Unaweza kuziba Dirty COW humo, lakini tundu la mwezi uliopita hutaliziba bila huduma ya matunzo ya ziada. Ziba leo, kisha panga kuhama.

Umefaulu ukiwa na namba kamili ya kerneli inayofanya kazi, na namba ya mahali salama kutoka kwa watengenezaji wa mfumo wako, zote kwenye ukurasa mmoja.

## Hatua ya 3: Tazama nafasi kwenye /boot

```
df -h /boot
```

Seva nyingi zina sehemu ndogo ya `/boot`, ya kuwekea faili za kuwashia, iliyotengwa siku mashine ilipowekwa. Kila kerneli inaacha faili zake humo, na faili la `initrd`, linalosaidia mashine kuanza kuwaka, pekee hula megabaiti kadhaa kadhaa. Baada ya mwaka mmoja au miwili panajaa. Sasisho linaanza vizuri, linafika kwenye kuandika `initrd`, linakosa nafasi na kukatika. Fundi anaona mistari mingi imepita, anafunga terminali na kwenda kunywa chai. Kerneli mpya imebaki nusu.

Ondoa za zamani kwa njia ya kistaarabu:

```
sudo apt autoremove --purge
```

Kama `apt` yenyewe imekwama kwa kukosa nafasi, orodhesha kerneli zilizopo na uondoe iliyo kuukuu kabisa kwa jina:

```
dpkg -l 'linux-image-*' | grep ^ii
sudo dpkg --purge linux-image-JINA-LA-ZAMANI
sudo apt --fix-broken install
```

Ikikataa kwa sababu kuna kifurushi kingine kinachoitegemea, kitaje nacho kwenye amri hiyohiyo.

Onyo. Usiondoe kerneli ambayo `uname -r` imekutajia. Hiyo ndiyo tegemeo lako mpya ikigoma kuwaka. Na usiingie `/boot` kufuta kwa `rm`: faili zitaondoka, `dpkg` itaendelea kuamini zipo, na sasisho linalofuata litagombana na mizimu.

Umefaulu ukiona `/boot` ina nafasi ya kutosha kerneli mbili. Kama `/boot` haina sehemu yake na imo ndani ya diski kuu, hatua hii imekupita, songa mbele.

## Hatua ya 4: Bakapu

Kwa duka au shule, kitu cha thamani ni hifadhidata. Itoe, ihamishe nje ya mashine, kisha jaribu kulifungua faili kwenye kompyuta nyingine.

```
mysqldump --single-transaction --all-databases -u root -p > bakapu.sql
```

Seva ya kukodi ipige picha nzima kupitia paneli, kama mtoa huduma anaruhusu.

Umefaulu ukiona mwishoni mwa faili, kwa `tail bakapu.sql`, mstari unaosema utoaji umekamilika na tarehe yake.

## Hatua ya 5: Sakinisha kerneli mpya

Fungua `tmux` kwanza. Halafu:

```
sudo apt update
sudo apt full-upgrade
```

Kwa nini nasisitiza `full-upgrade`? Kwa sababu wengi wetu tulifundishwa `apt-get upgrade`, na mazoea yana tabu. Kerneli mpya haiji kama toleo jipya la kifurushi kilekile. Inakuja kama kifurushi kipya kabisa chenye jina lake. `apt-get upgrade` hairuhusiwi kuongeza vifurushi vipya, kwa hiyo inaiweka kando kimyakimya, kwenye orodha ya vilivyozuiwa. Unamaliza, unaambiwa hakuna kosa, na kerneli hukuipata.

Kabla hujakubali, `apt` itakuonyesha orodha na ukubwa wa upakuaji. Isome. Kama hakuna jina linaloanza na `linux-image`, na una uhakika umechelewa kusasisha, tafuta sababu mbili hizi:

```
apt-mark showhold
dpkg -l | grep linux-image
```

Ya kwanza inaonyesha vifurushi ambavyo mtu alivifunga visisasishwe. Labda aliyekutangulia kazini alikuwa na sababu. Muulize kama anapatikana, kisha fungua kwa `apt-mark unhold`. Ya pili inakuonyesha kama kile kifurushi mama bado kipo: `linux-image-generic` kwa Ubuntu ya kawaida, `linux-image-amd64` kwa Debian. Kikiwa kimeondolewa, mashine haitaletewa kerneli mpya hata usasishe kila siku. Kirudishe:

```
sudo apt install linux-image-generic
```

Kwa AlmaLinux, Rocky na ndugu zao, amri ni `sudo dnf upgrade`. Huko angalia ndani ya `/etc/dnf/dnf.conf` kama kuna mstari wa `exclude=kernel*`. Baadhi ya paneli za kuhifadhi tovuti huuweka bila kukuuliza.

Onyo. Usikatishe kazi inapofika `update-initramfs`, amri inayoandika lile faili la `initrd`. Inaweza kuonekana imeganda, hasa kwenye diski za zamani. Iache.

Umefaulu ukiona mistari miwili mwishoni: mmoja wa `update-initramfs` unaotaja namba mpya, na mwingine wa GRUB, programu inayochagua kerneli mashine inapowaka, unaoiorodhesha kerneli hiyo. Na hapa ndipo wengi hufunga kompyuta wakaenda kulala. Mashine bado inaendeshwa na kerneli ya zamani.

## Hatua ya 6: Washa upya, kwa saa sahihi

Kerneli inapakiwa mara moja tu, mashine inapowaka. Huduma kama Nginx, inayohudumia tovuti, unaweza kuizima na kuiwasha peke yake. Kerneli ndiyo imezibeba zote, na bila kuwasha mashine upya, kiraka ni maandishi tu kwenye diski.

Panga muda. Na hapa nataka kusema jambo linalotuhusu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili.

Nilikuwa namsaidia mama mmoja mwenye duka la jumla Kariakoo. Seva yake ya mauzo inakaa stoo, juu ya marobota. Tulikubaliana mashine iwashwe upya saa nane usiku. Kijana niliyekuwa namfundisha akaandika `08:00`. Usiku ukapita salama. Saa mbili kamili asubuhi, foleni imefika mlangoni, wachukuzi wamesimama na mikokoteni, mashine zote za kaunta zikaganda. Mama akanipigia: "Mwanangu, umenifanyia nini leo?" Zilikuwa dakika nne tu. Wateja wawili waliondoka na oda zao, na ilibidi nimwombe radhi mbele ya wafanyakazi wake. Tangu siku hiyo, kila ratiba naiandika mara mbili kwenye karatasi: saa yetu, na saa ya mashine.

Saa nane usiku ni `02:00`. Lakini subiri, `02:00` ya wapi?

```
timedatectl
```

Seva nyingi za kukodi huja na saa ya UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. `02:00` ya UTC, Dar es Salaam ni saa kumi na moja alfajiri, wakati wenye duka la mkate wameshaanza kazi. Rekebisha kwanza:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
sudo shutdown -r 02:00
```

Kama mashine ina kazi zilizopangwa kwa `cron`, washa upya huduma ya `cron` baada ya kubadilisha saa, ili isije ikaendelea kuhesabu kwa saa ya zamani.

Ukibadilisha mawazo, `sudo shutdown -c` inafuta ratiba. Ukiwa mbele ya mashine na hakuna mtu anayeitumia, `sudo reboot` inatosha.

Onyo. Usiwashe upya seva ya mbali Ijumaa jioni, wala siku ambayo mwenye ufunguo wa stoo amesafiri. Mashine ikigoma, lazima pawe na mtu wa kuikaribia. Ikigoma kweli, fungua menyu ya GRUB kwa kushikilia Shift au kubonyeza Esc inapowaka, ingia kwenye chaguo la ziada, na uchague kerneli ya zamani uliyoiacha makusudi katika hatua ya 3.

## Hatua ya 7: Thibitisha

Usikubali neno la mtu hapa, hata la kwako mwenyewe la jana.

```
uptime
uname -r
uname -v
ls -1 /boot/vmlinuz-* | sort -V | tail -1
systemctl --failed
```

`uptime` iseme dakika, isiseme siku. Namba ya `uname -r` ifanane na ile iliyo mwishoni mwa orodha ya `/boot`. `systemctl --failed` isiwe na huduma yoyote.

Zikitofautiana, yaani `/boot` ina mpya na `uname -r` inang'ang'ania ya zamani ilhali mashine imewaka upya, chungulia `/etc/default/grub`. Kama `GRUB_DEFAULT` imetajwa jina la kerneli fulani badala ya `0`, mtu aliifunga hapo. Rudisha `0`, endesha `sudo update-grub`, washa tena. Kwa upande wa Red Hat, `sudo grubby --default-kernel` inakuambia ipi imechaguliwa.

Kisha tafuta namba ya kasoro kwenye kumbukumbu za mabadiliko. Kwa CentOS 7:

```
rpm -q --changelog kernel-$(uname -r) | grep CVE-2016-5195
```

Ukipata mstari, umemaliza. Kwa mifumo iliyozaliwa baada ya kiraka, kama AlmaLinux 9 au Debian 12, hutaikuta namba hiyo, na si tatizo: kiraka kilikuwa ndani tangu mwanzo. Tumia namba ya kasoro mpya unayoifuatilia.

Onyo kubwa. Kuna wanaopakua programu ya kushambulia kutoka mtandaoni "wajaribu kama tundu limeziba". Usifanye hivyo kwenye seva ya kazi. Programu za aina hiyo huandika ndani ya faili halisi za mfumo, na zinaweza kuiangusha mashine. Zingine zina mzigo wa siri. Ukiijaribu kwenye mashine isiyo yako bila ruhusa, umeingia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Namba ya toleo inatosha kuwa ushahidi.

## Kama leo haiwezekani kuwasha upya

Hutokea. Hospitali haizimi seva katikati ya zamu. Hapo punguza njia za kuingia ndani, kwa kuwa kasoro hii inamhitaji mtu aliyeshaingia:

- Funga akaunti za walioacha kazi: `sudo usermod -L -e 1 jina`, kisha ondoa funguo zao kwenye `authorized_keys`.
- Zuia PHP isiendeshe faili kwenye folda ya picha zilizopakiwa na watumiaji.
- Ondoa plagini za tovuti ambazo hakuna anayezitumia.

Ubuntu ina huduma ya Livepatch inayoshonea kiraka kwenye kerneli ikiwa inatembea. Inapatikana kupitia Ubuntu Pro, ambayo ni bure kwa matumizi binafsi hadi mashine 5. Naithamini, lakini naichukulia kama bendeji ya njiani: siyo kila kiraka kinashoneka hivyo, na siku ya kuwasha upya bado inakuja.

## Kama tundu lilikuwa wazi muda mrefu

Shambulio la Dirty COW lenyewe haliachi alama kwenye logi. Kwa hiyo kagua matokeo yake.

```
awk -F: '$3==0' /etc/passwd
sudo debsums -c
```

Ya kwanza itoe mstari mmoja tu, wa `root`. Ya pili, baada ya kusakinisha `debsums`, inalinganisha faili za mfumo na alama zake za asili, isitoe kitu. Kwa CentOS tumia `sudo rpm -Va` na uangalie faili zilizoko `/usr/bin` na `/usr/sbin`.

Ukikuta mtumiaji wa pili mwenye namba ya utambulisho sifuri, ambayo ni ya `root`, au programu ya mfumo iliyobadilika bila maelezo, usianze kusafisha. Chomoa waya wa mtandao, hifadhi diski kama ilivyo, toa taarifa TZ-CERT, kitengo cha taifa cha matukio ya usalama wa mtandao, kisha jenga seva upya kutoka kwenye bakapu unayoiamini. Aliyekuwa `root` kwa siku moja anaweza kuwa ameacha mlango ambao hutauona.

Na simu pia, maana Android inatumia kerneli hiihii ya Linux. Ukinunua simu iliyotumika, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, usome tarehe ya kiraka cha usalama. Iwe 5 Desemba 2016 au baadaye ndipo Dirty COW imezibwa. Mimi binafsi simu ya zamani kiasi hicho nisingeiwekea pesa ya mtandao hata ikiwa imefika tarehe.

## Hatua ya 8: Fanya ijirudie yenyewe

Kiraka cha 2016 chenyewe kiliacha upenyo. Novemba 2017 ukatangazwa kwa namba CVE-2017-1000405, kwenye kurasa kubwa za kumbukumbu. Mwaka 2022 ikaja CVE-2022-2590, ya familia ileile. Kazi hii utairudia, bora mashine ikusaidie.

Kwenye Ubuntu, sakinisha `unattended-upgrades`, fungua `/etc/apt/apt.conf.d/50unattended-upgrades`, na uweke:

```
Unattended-Upgrade::Automatic-Reboot "true";
Unattended-Upgrade::Automatic-Reboot-Time "02:00";
```

Fanya hivi kwa seva ambayo umeshaiona ikiwaka upya yenyewe salama angalau mara moja, huduma zote zikarudi bila mkono wako. Kwa seva ya yule mama wa Kariakoo nimeacha `"false"`, kwa sababu umeme wa jengo lile siuamini usiku. Badala yake, kila Jumapili baada ya duka kufungwa, kijana wetu anapita stoo na kuandika amri moja:

```
ls /var/run/reboot-required
```

Akiambiwa faili halipo, anafunga mlango. Likiwepo, ananitumia ujumbe, anasubiri nimjibu, anawasha upya akiwa amesimama palepale. Kisha anapiga picha ya `uname -r` na `uname -v` na kuibandika kwenye daftari.

Umefaulu ukifungua daftari lako baada ya miezi mitatu ukakuta namba ya kerneli imebadilika angalau mara moja, na kila namba ina tarehe na jina la aliyeisoma.